Mfumo umelala: utumie SHOW PROFILE, logi ya polepole, Performance Schema au EXPLAIN ANALYZE?

Ukitunza hifadhidata ya sacco, zahanati au agrovet huku kwetu, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na Bungoma, malalamiko huja kwa simu na huja mafupi: "Fundi, mfumo umelala." Mwenye kupiga hajui ni amri gani ya SQL iliyochelewa, wala si kazi yake kujua. Kuitafuta ni kazi yako, na MySQL pamoja na ndugu yake MariaDB, programu za kuendeshea hifadhidata, zinakupa vifaa vinne vya kuitafutia. Wengi wetu huishia na kile tulichokiona kwanza, aghalabu kisanduku cha upimaji kilichomo ndani ya phpMyAdmin (ukurasa wa kivinjari wa kusimamia hifadhidata), kisha tunalalamika kwamba hakisemi kitu.

Kabla ya kuchagua, jiulize unatafuta nini. Kuna kutafuta mkosaji, yaani katika maswali (amri za SQL) yote yanayopita kwenye seva, ni lipi linakula muda. Halafu kuna kumhoji mkosaji ukishamkamata: kwa nini swali hili hasa linachelewa? Logi ya maswali ya polepole na Performance Schema ni za kutafuta. SHOW PROFILE na EXPLAIN ANALYZE ni za kuhoji. Ukikosea hapo, utapoteza siku nzima ukimhoji asiye na hatia.

Nitatumia kisa kimoja kote. Tuseme ushirika wa maziwa karibu na Njoro una wakulima 500 wanaoleta maziwa kila asubuhi. Mwaka ukiisha, jedwali la mapokezi lina mistari kama 180,000. Safu ya simu ni ya maandishi, VARCHAR, na ina faharasa yake (index), ile orodha iliyopangwa inayoiwezesha seva kufikia mistari bila kusoma jedwali zima. Mwisho wa mwezi programu ya malipo inapita mkulima mmoja mmoja ikiuliza:

SELECT SUM(lita) FROM mapokezi WHERE simu = 700000000;

Angalia pale kwenye simu. Aliyeandika programu aliipitisha kama nambari, sifuri ya mbele ikadondoka, na alama za nukuu hazipo. MySQL ikikuta maandishi upande mmoja na nambari upande wa pili, hugeuza pande zote mbili kuwa nambari za nukta inayoelea (floating-point) ndipo ilinganishe. Kwa mlinganisho huo '0700000000' na '700000000' ni kitu kimoja, kwa hiyo faharasa iliyopangwa kwa herufi haifai kitu na seva inasoma jedwali zima. Jibu linatoka sahihi, lita za mkulima hazipungui hata moja. Ndiyo maana kosa la aina hii linaweza kukaa miaka bila mtu kulishuku. Tuseme kila swali linachukua sekunde 0.2. Moja halimsumbui mtu. Mia tano ni sekunde 100, na karani aliye kwenye foleni ya asubuhi anaona skrini imeganda.

SHOW PROFILE

Hiki ndicho kifaa kilichozoeleka zaidi, nacho kiliingia MySQL toleo 5.0.37 mwaka 2007. Unaandika SET profiling = 1, unaendesha swali lako, kisha SHOW PROFILES inakupa orodha na SHOW PROFILE FOR QUERY 1 inakuvunjia muda hatua kwa hatua: kufungua majedwali, kutafuta takwimu, kupanga, kutuma. Uzuri wake mkubwa ni kwamba hakidai ruhusa yoyote ya pekee. Hata kwenye hosting ya pamoja, ambako hujui seva yenyewe iko chumba gani, kitafanya kazi.

Kwa kisa chetu cha maziwa, karibu muda wote utaangukia mstari mmoja. Kwenye MariaDB na MySQL za zamani mstari huo unaitwa "Sending data". Kuanzia MySQL 8.0.17 umemezwa ndani ya "executing". Jina hilo la kwanza limepotosha watu wengi. Mtu anaona data "inatumwa" polepole, anaanza kulaumu mtandao na kubadilisha nyaya, kumbe humo humo ndani ndimo seva inaposoma mistari na kuichuja. Kwa hiyo SHOW PROFILE itakuthibitishia kwamba swali ni zito. Sababu ya uzito huo haitakuambia.

Kinafaa pale hatua yenyewe ndiyo habari. Ukiona muda umelala kwenye "Creating sort index", unajua upangaji ndio unaoumiza. Ukiona "Waiting for table metadata lock", swali lako halina tatizo, kuna mwingine amelishikilia jedwali. Zaidi ya hapo kina mipaka: kinahifadhi maswali 15 ya mwisho, au 100 ukikipandisha hadi kikomo, na ya muunganisho wako peke yako. Programu ya malipo inayoingia kwa muunganisho wake haionekani. MySQL wenyewe walishatangaza tangu 5.6.7 kwamba siku moja watakiondoa, ingawa kimekuwa kikiendelea kupatikana. Kwa mradi mpya nisingejenga mazoea juu yake.

Logi ya maswali ya polepole

Ni faili la kawaida kwenye diski. Kila swali likipita muda uliouweka, linaandikwa humo pamoja na muda wake, muda wa kusubiri kufuli, mistari iliyosomwa na mistari iliyotolewa. Hizo nambari mbili za mwisho ndizo ninazoziangalia kwanza. Rows_examined: 180000 na Rows_sent: 1 ni hadithi nzima kwa mstari mmoja, japo kwa swali la SUM inabidi ukumbuke kwamba mstari mmoja wa jumla unaweza kuwa umetokana na mistari mingi halali.

Ila je, swali letu litaandikwa? Muda wa kawaida wa long_query_time ni sekunde 10. Ukiacha hivyo, hutaona kitu. Ukishusha hadi sekunde 1, bado 0.2 inapita chini ya meza. Lazima ushuke hadi 0.1, na hapo faili linanenepa haraka. Ipo pia log_queries_not_using_indexes, ambayo huandika maswali yasiyotumia faharasa hata yakiwa mepesi. Iwashe kwa saa chache tu. Jedwali la kaunti lenye mistari 47 litaandikwa humo mara elfu moja kabla hujaliona lile la maziwa.

Kuijaribu ni rahisi. Unaweka kikomo cha sekunde 1, unafungua muunganisho mpya, unaandika SELECT SLEEP(2), unatazama faili. Likitokea, logi inafanya kazi. Hapa kuna mtego ambao jaribio hili halitakuonyesha: ukibadilisha kikomo kwa SET GLOBAL, mabadiliko yanashika miunganisho mipya peke yake. Programu ya Java yenye bwawa la miunganisho iliyofunguliwa tangu jana inaendelea na kikomo cha zamani. SLEEP yako imeandikwa, umefurahi, na maswali ya programu hayaandikwi hata moja. Anzisha programu upya, au jaribu kupitia programu yenyewe.

Jambo dogo la kuzingatia ni saa. Tangu MySQL 5.7.2, faili hilo huandika nyakati za UTC, saa ya kimataifa, usipobadilisha log_timestamps, nasi tuko saa tatu mbele. Karani akikuambia mfumo ulilala saa tatu asubuhi, tafuta 06:00, usitafute 09:00. (Aliyekulia Kiswahili atacheka kidogo, maana mkono wa saa ya ukutani uko kwenye tisa, sisi tunasema tatu, na logi inasema sita.) MariaDB huandika saa ya seva yenyewe.

Ukishapata faili, usilisome kwa macho. mysqldumpslow inakuja pamoja na seva, na kwa -s t -t 10 inakupangia kumi za juu kwa muda baada ya kukunja maswali yanayofanana kuwa moja. pt-query-digest ya Percona hufanya hivyo hivyo kwa undani zaidi, nami naipendelea.

Performance Schema

Ni majedwali ya takwimu ambayo seva yenyewe huyajaza inapofanya kazi. Hapa ndipo kisa chetu kinaponaswa bila kuhangaika na kikomo chochote. Performance Schema haijali kama swali limechukua sekunde 10 au sehemu ndogo ya sekunde. Inayakunja maswali yote yanayofanana, ikiondoa thamani na kuweka alama ya kuuliza, kisha inajumlisha. Uliza hivi:

SELECT DIGEST_TEXT, COUNT_STAR, SUM_TIMER_WAIT/1000000000000 AS sekunde, SUM_ROWS_EXAMINED, SUM_NO_INDEX_USED FROM performance_schema.events_statements_summary_by_digest ORDER BY SUM_TIMER_WAIT DESC LIMIT 10;

Ule mgawanyo wenye sifuri kumi na mbili upo kwa sababu muda unahesabiwa kwa pikosekunde. Swali la maziwa litakaa juu kabisa: limeitwa mara 500, jumla sekunde 100, mistari milioni 90 imesomwa, na mara zote 500 bila faharasa. Logi ya polepole yenye kikomo cha sekunde 1 ingekuonyesha ripoti moja ya mhasibu iliyochukua sekunde 8, ukakimbilia kuirekebisha, na karani angeendelea kuteseka.

Kwenye MySQL, Performance Schema imewashwa yenyewe tangu 5.6.6, na kuanzia 5.7.7 kuna hifadhidata ya sys yenye majedwali yanayosomeka kirahisi, kama statements_with_full_table_scans. Kwenye MariaDB mambo ni mengine. Huko inakuja ikiwa imezimwa, na huwezi kuiwasha seva ikiwa hewani. Lazima uweke performance_schema=ON kwenye faili la mipangilio na kuanzisha seva upya. Sys nayo iliingia MariaDB 10.6. Hili linatuhusu sana, kwa sababu XAMPP, kifurushi cha seva ya wavuti na hifadhidata kilichojaa kwenye ofisi ndogo, huja na MariaDB, na mara nyingi ni ya 10.4. Mwenye XAMPP akifuata maelezo ya MySQL 8 neno kwa neno atapata jedwali tupu, aamue kwamba seva yake haina shida.

Je, inaweza kuchukua nafasi ya SHOW PROFILE? Ndiyo, lakini kwa kazi kidogo. Hatua za ndani zimezimwa mwanzoni. Unawasha vipimo vyenye jina la '%stage/%' ndani ya setup_instruments, halafu events_statements_history_long na events_stages_history_long ndani ya setup_consumers. Ukitaka kuijaribu, endesha tena SLEEP(2) na uone kama TIMER_WAIT inakaribia pikosekunde trilioni mbili. Tofauti na SHOW PROFILE, hapa unaweza kuona hatua za muunganisho wa mtu mwingine, nayo ndiyo faida inayostahili usumbufu huo.

EXPLAIN ANALYZE

Hiki kilikuja na MySQL 8.0.18 mwaka 2019. MariaDB walikuwa nacho mapema zaidi, tangu 10.1, ila wao huandika ANALYZE SELECT bila EXPLAIN. Vyote viwili huendesha swali kwelikweli, hutupa matokeo, na hukuonyesha njia iliyopitwa pamoja na makadirio ya seva kando ya kilichotokea. Kwa swali letu utaona "Table scan on mapokezi", makadirio ya mistari karibu na 180,000, na mistari halisi 180,000. Hapo tu umeshajua kwamba faharasa ya simu imerukwa.

Kwa kosa hili hasa, EXPLAIN ya kawaida ingetosha. Safu ya possible_keys inataja faharasa ya simu, safu ya key inasema NULL, na ukiandika SHOW WARNINGS mara baada yake, MySQL inakuambia waziwazi kwamba faharasa haikutumika kwa sababu ya ubadilishaji wa aina. Haikugharimu hata kuendesha swali. Kwa hiyo anzia hapo kila mara. EXPLAIN ANALYZE iweke kwa maswali yanayounganisha majedwali matatu au manne, ambako makadirio ya seva na ukweli hutengana.

Kwenye maswali hayo kuna mahali watu wengi hukosea kusoma. Ukiona (actual time=0.03..0.05 rows=1 loops=180000), usiseme hatua hiyo ilichukua milisekunde 0.05. Huo ni wastani wa mzunguko mmoja. Zidisha kwa loops: milisekunde 9,000, yaani sekunde tisa. Mstari uliokuwa unaonekana mdogo kuliko yote ndio uliokula asubuhi yako.

Onyo moja zito. Kwenye MariaDB, ANALYZE ikiwekwa mbele ya UPDATE au DELETE inabadilisha data kweli. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ni vivyo hivyo kwa EXPLAIN ANALYZE. Fanya ndani ya muamala utakaoufuta kwa ROLLBACK, au bora zaidi, kwenye nakala.

Na kuna kisichoonekana humu. Kwa kuwa matokeo hayatumwi kwa mteja, muda wa mtandao haumo. Tawi la Siaya likivuta mistari 40,000 kupitia mtandao dhaifu, EXPLAIN ANALYZE itasema kila kitu ni chepesi, huku logi ya polepole ikionyesha sekunde nyingi kwa sababu seva ilikuwa inasubiri kumaliza kutuma. Vipimo viwili vikipingana namna hiyo, usikimbilie kusema kimoja kimeharibika. Punguza mistari inayoombwa.

Mambo yanayoamua huku kwetu

Stima kwanza. Takwimu za Performance Schema zinakaa kwenye memori. Stima ikipotea na UPS ikachoka kabla ya jenereta kuwaka, seva ikirudi inaanza kuhesabu kutoka sifuri. Logi ya polepole iko kwenye diski na itakungoja. Ofisi ambayo stima hukatika mara kwa mara haiwezi kutegemea Performance Schema peke yake kwa habari za mwezi mzima, isipokuwa uweke kazi ya kunakili jedwali lile la muhtasari kila saa kwenda jedwali lako la kawaida. Ni mistari michache ya SQL, na mimi naona inalipa.

Pili, siri za watu. Logi ya polepole huandika swali lilivyo, pamoja na namba za simu, majina, na kwa zahanati, hata ugonjwa ulioandikwa kwenye kigezo cha utafutaji. Ukiituma faili hilo kwenye kundi la WhatsApp ili wenzako wakusaidie, umetuma data binafsi, na Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. DIGEST_TEXT ya Performance Schema ni salama zaidi kwa kuwa thamani zimeondolewa. Usisahau kwamba kwenye MySQL 8 jedwali hilo hilo lina safu ya QUERY_SAMPLE_TEXT yenye mfano wa swali zima, thamani zote zikiwemo. Usiinakili hiyo.

Ruhusa nazo huchagua kwa niaba yako. Kwenye hosting ya pamoja, aghalabu hutaruhusiwa kubadilisha logi wala kusoma Performance Schema. Utabaki na EXPLAIN, ANALYZE na SHOW PROFILE, na kutafuta mkosaji itabidi ufanye ndani ya programu yako, kwa kuandika muda kabla na baada ya kila swali.

Uzito kwenye seva hauniogopeshi sana kwa ofisi za ukubwa huu, mradi usiache hatua za ndani na historia ndefu zikiwa zimewashwa bila sababu. Ukitaka uhakika, mysqlslap, chombo cha kuipa seva mzigo wa majaribio, inakuja na MySQL. Endesha mzigo uleule, kipimo kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa, kisha linganisha. Mara ya kwanza usiihesabu. Data bado inatoka kwenye diski, na mzunguko wa pili utakuwa mwepesi kwa sababu mistari imeshaingia memori. Ukipima kipimo kimoja seva ikiwa baridi na kingine ikiwa moto, utakuwa umelinganisha diski na RAM.

Ningechagua hivi

Mwenye MySQL 8 kwenye seva yake mwenyewe: Performance Schema na sys za kutafuta, EXPLAIN kisha EXPLAIN ANALYZE za kuhoji, na logi ya polepole ikiwa imewashwa kwa kikomo cha sekunde 1 kama daftari la akiba stima ikienda. SHOW PROFILE hana kazi nayo.

Mwenye MariaDB ya XAMPP: logi ya polepole ndiyo nguzo, kikomo 0.1 kwa saa za shughuli nyingi, na ANALYZE FORMAT=JSON ambayo hukupa r_rows na muda wa kila jedwali. Weka pia log_slow_verbosity kuwa query_plan,explain, na mpango wa swali utaandikwa ndani ya logi yenyewe, kitu ambacho MySQL ya kawaida haina. Performance Schema iwashe siku utakayokuwa unaanzisha seva upya kwa sababu nyingine.

Anayetumia PostgreSQL, na wapo, hasa kwenye mifumo ya hospitali na vyuo: pg_stat_statements ni mwenzake wa Performance Schema. Inahitaji kuwekwa kwenye shared_preload_libraries na seva kuanzishwa upya, na takwimu zake hubaki ukizima seva kwa utaratibu, ila stima ikikatika ghafla zinapotea pia. log_min_duration_statement ndiyo logi yake ya polepole, nayo mwanzoni imezimwa. Swali letu la maziwa lisingefika mbali huko. PostgreSQL ingekataa kulinganisha maandishi na nambari, ikatoa kosa siku ileile programu ilipoandikwa.

Chochote utakachochagua, nakili nambari kabla ya kugusa kitu. Kisha weka nukuu kwenye simu, rudisha ile sifuri ya mbele, futa hesabu za zamani kwa TRUNCATE kwenye events_statements_summary_by_digest au pg_stat_statements_reset() kwa mwenye PostgreSQL, na usubiri malipo ya mwezi unaofuata. Mistari iliyosomwa inapaswa kushuka kutoka milioni 90 hadi kama 180,000 kwa wakulima wote 500. Ikibaki ileile, kuna sehemu nyingine ya programu inayouliza vivyo hivyo na hujaigusa bado.